Shajara ya mradi: kupokea Bitcoin na Monero kwa seva yako mwenyewe, na pale ambapo seva haihitajiki

Lengo ni tovuti ndogo inayouza faili za kupakua na kupokea michango ilipwe moja kwa moja kwa sarafu za kidijitali za Bitcoin na Monero, bila kampuni ya kati inayoshika fedha au inayodai vitambulisho vya wanunuzi. Masharti matatu yaliwekwa kabla ya kuanza. Ufunguo wa kutumia fedha usikae kwenye seva. Mnunuzi asiombwe jina wala barua pepe. Na mfumo mzima uweze kurejeshwa na mtu mwingine kwa kufuata karatasi. Mawili ya mwisho yamesimama hadi leo. La kwanza lilibidi lilegezwe mahali pamoja, na sababu imeandikwa chini kwenye sehemu za Lightning (mtandao wa malipo madogo ya Bitcoin) na phoenixd.

Gharama zinatajwa kwa saa za kazi, diski na satoshi (bitcoin 1 ni satoshi milioni 100), maana bei za seva na za sarafu hazikai mahali pamoja.

6 Januari. Anwani moja kwenye ukurasa

Tulianza na kitu chepesi kuliko vyote: ukurasa wa maandishi, anwani moja ya Bitcoin inayoanza na bc1q, na msimbo wa QR. Dakika 20 za kazi. Malipo yanafika, lakini faragha haipo. Yeyote anayefungua ukurasa anaweza kuibandika anwani ile kwenye tovuti ya kutazama mnyororo wa bloki (daftari la umma la miamala yote) akaona kila mchango ulioingia, saa ulioingia, na fedha zilikoenda baadaye. Tena wanunuzi wawili wakilipa kiasi kilekile siku moja, hakuna namna ya kujua nani kalipa nani bado.

Kuna ufumbuzi usiohitaji seva: malipo ya kimya, yaliyoelezwa kwenye BIP 352 (BIP ni hati ya mapendekezo ya kiufundi ya Bitcoin). Unatangaza anwani moja inayoanza na sp1, na kila mlipaji anazalisha kutoka kwayo anwani mpya ambayo mtu wa nje hawezi kuihusisha na ile ya kwanza. Kikwazo ni kwamba pochi ya mlipaji lazima iwe inaijua njia hiyo, na nyingi bado haziijui. Tumeiweka kama nyongeza, tusiitegemee.

9 Januari. Monero bila seva yoyote

Kwa michango, hii ndiyo njia ambayo mgeni wa mambo haya aanze nayo. Kwenye Monero kila malipo huenda kwenye anwani ya mara moja ambayo mlipaji anaitengeneza mwenyewe, kwa hiyo anwani iliyotangazwa hadharani haimwonyeshi mtazamaji salio wala historia.

Hatua ni chache. Sakinisha pochi rasmi ya Monero au Feather, hakiki sahihi ya faili kabla ya kuifungua, andika maneno 25 ya kurejesha kwenye karatasi (pochi mpya za Feather hutoa 16), kisha tengeneza anwani ndogo moja kwa kila kazi: moja ya michango, moja ya ukurasa wa pili, na kadhalika. Anwani kuu huanza na 4, ndogo huanza na 8. Tangaza zile za 8 tu. Kiungo cha kubofya kinaandikwa hivi: `monero:8…?tx_amount=0.05&tx_description=mchango`.

Makosa mawili yalikula muda.

La kwanza: pochi ya majaribio ilirejeshwa kutoka kwenye maneno bila kutaja kimo cha bloki (namba ya bloki kwenye mnyororo) ilipozaliwa. Ikaanza kusoma mnyororo tangu mwanzo, na baada ya saa kadhaa ilikuwa bado iko miaka ya nyuma. Dawa ni kuandika tarehe ya kuundwa kwa pochi kwenye karatasi ileile ya maneno. Ukiirejesha kwa tarehe hiyo, kazi inaisha ndani ya dakika.

La pili: pochi ya kutazama tu ilionyesha salio kubwa kuliko lililokuwepo. Pochi ya aina hii inaona yanayoingia, haioni yaliyotumika, mpaka uilishe faili la picha za funguo (alama zinazoonyesha sarafu zilizokwisha kutumika) kutoka kwenye pochi kamili. Namba ile ichukuliwe kama jumla ya mapato, si salio.

Mnunuzi akidai amelipa nawe huoni kitu, mwombe namba ya muamala na ufunguo wa muamala, ambavyo pochi yake inavitunza. Amri `check_tx_key` ikipewa hivyo viwili pamoja na anwani yako inakwambia ni kiasi gani kilifika. Fedha zikifika, zinafungwa kwa bloki 10, kama dakika 20, ndipo ziweze kutumika tena.

Jambo la kuzingatia: ukitumia nodi (kompyuta inayotunza na kukagua mnyororo) ya mtu mwingine, mwenye nodi haoni salio lako, ila anaiona anwani yako ya IP na wakati unaotuma muamala. Pitisha kwenye Tor, mtandao unaoficha IP.

Gharama: saa 5, nyingi zikiwa za yale makosa mawili. Satoshi 0.

10 Januari. Ulinzi wa ukurasa usio na seva ya malipo

Ukurasa wenye anwani ukivamiwa, mwizi hana haja ya kuvunja pochi. Anabadilisha herufi tu. Tumeweka skripti kwenye mashine nyingine kabisa, inayovuta ukurasa kila dakika 10 kwa `curl -s`, inapima kwa `sha256sum`, na kupiga kelele alama ikibadilika. Ilitoa tahadhari ya uongo siku ya kwanza kwa sababu ukurasa ulikuwa na tarehe inayojibadilisha. Sasa inachomoa mstari wa anwani peke yake ndipo ipime.

14 Januari. Kusimika BTCPay Server

Kwa mauzo ya faili tunahitaji ankara: kila mnunuzi apate anwani yake, kiasi chake na muda wake. BTCPay Server ni programu huria iliyoanzishwa na Nicolas Dorier mwaka 2017, na inafanya kazi hiyo bila kushika fedha za mtu.

Mashine: kiini 2, RAM GB 2, diski GB 80, Debian. Nodi ya Bitcoin inapogolewa, yaani inafuta bloki za zamani, ili diski itoshe. Amri zenyewe hazina maajabu:

```
git clone https://github.com/btcpayserver/btcpayserver-docker
cd btcpayserver-docker
export BTCPAY_HOST="malipo.example.com"
export NBITCOIN_NETWORK="mainnet"
export BTCPAYGEN_CRYPTO1="btc"
export BTCPAYGEN_REVERSEPROXY="nginx"
export BTCPAYGEN_ADDITIONAL_FRAGMENTS="opt-save-storage-s"
. ./btcpay-setup.sh -i
```

Nukta iliyo mbele ya `./btcpay-setup.sh` si kosa la uchapaji. Ukiiacha, maelezo uliyoyaweka hayabaki kwenye mazingira yako.

`opt-save-storage-s` inahifadhi bloki za takriban miezi 6, kama GB 50. Kupogoa kunaokoa diski tu. Upakuaji wa mwanzo bado unapitia mnyororo wote, zaidi ya GB 600. Seva yenye kikomo cha data kwa mwezi inaweza kufungwa katikati ya safari, kwa hiyo soma mkataba kwanza.

Jina la kikoa lielekezwe kwenye seva kabla ya kuendesha skripti. Tulifanya kinyume, cheti cha TLS kikashindikana, tukajaribu tena na tena hadi Let's Encrypt, inayotoa vyeti hivyo, ikatufungia: majaribio 5 yaliyoshindwa kwa jina moja ndani ya saa ndiyo mwisho. Hapo unasubiri tu.

Na mara ukurasa unapofunguka, jisajili papo hapo. Akaunti ya kwanza kufunguliwa ndiyo inayokuwa ya msimamizi, hata kama aliyeifungua ni mpita njia.

17 Januari. Nodi inakufa kila baada ya saa chache

Usawazishaji ulifika asilimia 31, ukarudi nyuma kidogo, ukapanda, ukarudi tena. Ukurasa wa BTCPay hausemi kitu zaidi ya kwamba nodi inaanza. Jibu lilikuwa kwenye `dmesg`, kumbukumbu za mfumo wenyewe:

```
Out of memory: Killed process 4127 (bitcoind)
```

Bitcoin Core hutenga akiba ya MiB 450 kwa hifadhidata yake kama haikuelekezwa vingine. Juu ya hapo kuna programu saidizi za NBXplorer, Postgres na nginx, na BTCPay yenyewe, na kwenye GB 2 hakuna pa kupumulia. Kila nodi inapouawa ghafla, bloki ambazo hazijaandikwa kwenye diski zinakaguliwa upya, ndiyo maana asilimia ilikuwa inarudi nyuma.

Dawa ilikuwa mbili kwa pamoja. Kwanza faili la swapu, sehemu ya diski inayotumika kama RAM ya ziada:

```
fallocate -l 4G /swapfile
chmod 600 /swapfile
mkswap /swapfile
swapon /swapfile
```

na mstari wake kwenye `/etc/fstab`, la sivyo linapotea seva ikiwashwa upya. Pili, kuongeza `opt-save-memory` kwenye vipande vya ziada, vikitenganishwa kwa nukta mkato: `"opt-save-storage-s;opt-save-memory"`, kisha kuendesha skripti ya usakinishaji tena. Akiba ndogo inafanya usawazishaji uende taratibu, lakini haufi. Maendeleo yanaonekana kwa `./bitcoin-cli.sh getblockchaininfo`, kwenye namba ya `verificationprogress`. Ikikaribia 1 umefika.

Njia ya mkato ipo: BTCPay ina skripti ya kupakia hali ya mnyororo iliyotayarishwa na mtu mwingine. Hatukuitumia. Nodi yako ipo ili usimwamini mtu. Ukianza kwa kumwamini mtu, kazi yote ya kukagua umeiruka.

Gharama hadi usawazishaji ulipoisha: saa 9 za kazi, siku 5 za kusubiri.

24 Januari. Ufunguo wa umma peke yake

Pochi iliundwa kwenye kompyuta isiyogusa intaneti. Kinachokwenda kwenye seva ni ufunguo wa umma uliopanuliwa tu, ule unaoanza na xpub au zpub. Kwa huo BTCPay inazalisha anwani bila kikomo, lakini haiwezi kutoa hata satoshi moja.

Usalama wa fedha ukiwepo, bado huo si ufunguo wa kuachwa ovyo. Mwenye xpub anaona anwani zako zote, zilizopita na zijazo. Na akipata ufunguo wa siri wa anwani moja tu kati ya hizo, anaweza kukokotoa ufunguo wa siri wa akaunti nzima. Usimpe mtu ufunguo wa anwani moja ukidhani ni salama kwa sababu ina fedha kidogo.

Kosa la siku hiyo: ufunguo ulibandikwa kwa umbo la xpub la aina ya zamani, na anwani za kwanza zilizoonyeshwa na BTCPay hazikufanana na za kwenye pochi. Seva inaonyesha orodha ya anwani hizo na kuuliza kama ni zenyewe. Wengi hubofya tu kuendelea. Linganisha herufi zote za angalau anwani tatu.

Njia nzuri ya kujizoeza ni maneno ya majaribio yaliyochapishwa kwenye BIP 84: neno *abandon* mara 11, la 12 ni *about*. Kwenye njia m/84'/0'/0' anwani ya kwanza lazima iwe `bc1qcr8te4kr609gcawutmrza0j4xv80jy8z306fyu`. Ukipata nyingine, umekosea njia au aina ya anwani. Maneno haya yanajulikana na dunia nzima, kwa hiyo usitume kitu huko hata kwa kujaribu.

Tatizo la pili lilijitokeza wakati wa kutoa fedha. Muamala ulitayarishwa BTCPay, ukahamishwa kwa kadi ya kumbukumbu hadi kompyuta isiyo na intaneti, nayo ikagoma kutia sahihi ikisema haiutambui ufunguo. Ukibandika ufunguo wa umma peke yake, seva haijui alama ya ufunguo mama (herufi 8) wala njia ulikotoka, na bila hivyo faili la muamala halimwambii mtia sahihi atumie ufunguo upi. Vyote viwili vinajazwa kwenye mipangilio ya pochi ya duka. Kwa yale maneno ya majaribio alama ni `73c5da0a`.

Michango na mauzo vimewekwa kwenye maduka mawili yenye akaunti tofauti, 0' na 1'. Umuhimu wake unaonekana kwenye ingizo la 8 Machi.

2 Februari. Tovuti inajuaje kwamba imelipwa

Jaribio la kwanza lilimpa mnunuzi faili pale anaporudishwa kwenye ukurasa wa shukrani. Hilo ni kosa kubwa: anwani ya ukurasa wa shukrani inaweza kuandikwa kwa mkono na mtu asiyelipa. Faili litolewe pale tu BTCPay inapoituma taarifa ya `InvoiceSettled`, iliyowekwa kwenye ukurasa ulioandikwa Webhooks, na tovuti ikaihakiki.

Taarifa inakuja na kichwa `BTCPay-Sig: sha256=…`, ambacho ni HMAC (alama ya uhakiki) ya mwili wa ujumbe kwa siri mnayoijua nyinyi wawili. Msimbo wetu ulisoma JSON, ukaigeuza kuwa safu ya PHP, kisha ukaiandika upya ili kuipima. Sahihi zikakataliwa. Ukilinganisha maandishi mawili kwa macho huoni tofauti upesi, lakini `json_encode` ya PHP inageuza kila `/` kuwa `\/`, na maelezo ya ankara zetu yalikuwa na kiungo cha bidhaa. Baiti moja ikibadilika, HMAC nzima inakuwa nyingine. Pima mwili mbichi, kabla ya kuugusa:

```
$mwili = file_get_contents('php://input');
$yangu = 'sha256=' . hash_hmac('sha256', $mwili, $siri);
if (!hash_equals($yangu, $_SERVER['HTTP_BTCPAY_SIG'] ?? '')) {
    http_response_code(403);
    exit;
}
```

Taarifa ileile inaweza kuja mara mbili kama jibu lako lilichelewa. Andika namba ya ankara kwenye jedwali lenye sharti la upekee, na ikija tena jibu 200 bila kutoa faili jipya.

Ufunguo wa API wa tovuti, ule unaoiruhusu kuzungumza na BTCPay, una ruhusa mbili tu: `btcpay.store.cancreateinvoice` na `btcpay.store.canviewinvoices`. Tovuti ikivamiwa, mvamizi ataweza kuunda ankara na kuzisoma, basi.

Ankara inaisha baada ya dakika 15, na seva inaendelea kuiangalia kwa siku moja zaidi. Malipo yaliyochelewa hayapotei. Yanaonekana yamewekewa alama, na mwenye duka anaamua. Kwa bei zetu uthibitisho 1, yaani muamala kuingia kwenye bloki, unatosha.

Gharama: saa 11. Hii ndiyo sehemu iliyokula kazi kuliko zote.

11 Februari. Fedha ambazo pochi haizioni

BTCPay ilisema ankara imelipwa, uthibitisho 6, kila kitu kijani. Pochi ya Electrum yenye maneno yaleyale ilisema salio 0.

Hakuna kilichopotea. Pochi hutafuta anwani kwa zamu, na ikikuta 20 mfululizo zisizo na kitu, inaacha. BTCPay inatoa anwani mpya kwa kila ankara, ilipwe isilipwe. Kitufe chetu cha kununua kilikuwa kiungo cha kawaida, na roboti za injini za utafutaji zilikuwa zinakifuata na kuunda ankara usiku kucha. Mnunuzi halisi aliangukia kwenye anwani ya 63.

Kwenye Electrum fungua dirisha la amri, andika:

```
wallet.change_gap_limit(200)
wallet.synchronize()
```

Salio likajitokeza. Kwenye pochi ya Sparrow kikomo hicho kiko kwenye mipangilio ya juu ya pochi. Andika namba uliyoweka kwenye karatasi ya maneno; atakayerejesha pochi baada ya miaka mitatu hatajua.

Kutibu chanzo: ankara sasa inaundwa kwa fomu ya POST tu, na tumewasha kwenye BTCPay mpangilio unaochelewesha njia ya malipo hadi mnunuzi aichague mwenyewe, ili anwani isitolewe bure.

Kosa kubwa zaidi lilikuwa ndani ya utatuzi wenyewe, na lilionekana baadaye. Electrum ilikuwa imeunganishwa na seva ya umma, kwa hiyo anwani zote 200 ziliulizwa kwa mtu tusiyemjua, kwa mkupuo mmoja, kutoka IP moja. Faragha ya akaunti ile imekwisha. Hakuna amri ya kuirudisha. Tulifungua akaunti mpya, tukaweka zpub mpya, na ile ya zamani tukaifunga. Tangu hapo salio linaangaliwa ndani ya BTCPay peke yake, inayosoma nodi yetu, na pochi yenye funguo inatia sahihi bila intaneti.

20 Februari. Lightning, na kwa nini tuliiondoa

Muamala wa kawaida wenye chanzo kimoja na matokeo mawili una vbaiti 141 (vbaiti ni kipimo cha ukubwa kinachotumika kukokotoa ada). Ada ikiwa satoshi 40 kwa vbaiti, mnunuzi analipa ada ya satoshi 5,640 ili kununua faili la satoshi 5,000. Hapo ndipo Lightning inapohitajika.

Tulisimika LND, programu ya nodi ya Lightning, ndani ya BTCPay na kufungua chaneli (fedha zilizofungwa kati ya nodi mbili ili zilipane) ya satoshi 1,000,000. Ankara ya kwanza ikashindwa: hakuna njia. Chaneli uliyoifungua wewe ina fedha zote upande wako. Huwezi kupokea mpaka upande wa pili uwe na kitu cha kukusukumia. Unaweza kutumia kwanza, au kumlipa mtu afungue chaneli kuelekea kwako.

Hilo lina dawa. La nakala rudufu ndilo lililotuogopesha. Mwenye seva anazoea kupiga picha ya mashine nzima na kuirejesha ikiharibika. Kwa LND hilo ni hatari kubwa: ukirejesha hali ya zamani ya chaneli na nodi ikaitangaza, upande wa pili una haki, kwa kanuni za Lightning zenyewe, kuchukua fedha zote za chaneli kama adhabu. Kinachohifadhiwa ni faili la `channel.backup`, ambalo kazi yake ni kuomba chaneli zifungwe na fedha zirudi. Na juu ya hayo, funguo za Lightning lazima zikae kwenye seva iliyo hewani saa zote. Sharti la kwanza limevunjika.

Chaneli ilifungwa kwa makubaliano, fedha zikarudi. Gharama: miamala miwili ya mnyororo na saa 8.

27 Februari. phoenixd badala yake

phoenixd, programu ya Lightning ya kampuni ya ACINQ, haihitaji nodi kamili, na chaneli inaisimamia yenyewe. Inasikiliza kwenye poti 9740 ya mashine hiyohiyo:

```
curl -X POST http://localhost:9740/createinvoice \
  -u :NENOSIRI -d description='ankara 117' -d amountSat=5000
```

Nenosiri limo kwenye `~/.phoenix/phoenix.conf`, maneno 12 yamo kwenye `~/.phoenix/seed.dat`. Poti hiyo isifunguliwe nje.

Kilichotushangaza: malipo ya kwanza yalipofika, salio halikupanda. Kiasi kidogo kikiingia kabla ya chaneli kuwepo kinawekwa kwenye akiba ya ada ya kuifungua, nacho hakirudi. Anayetaka kujaribu kwa satoshi 1,000 asidhani zimeibwa.

Upande wa faragha usemwe wazi: malipo yote yanapitia kwa mtoa huduma mmoja, naye anaona viasi na nyakati. Hawezi kuchukua fedha, lakini anaona. Tumekubali hilo kwa ankara zilizo chini ya satoshi 50,000 tu, na salio linahamishiwa kwenye pochi ya nje kila likifika 300,000. Hapo ndipo sharti la kwanza lilipolegezwa, kwa kiasi ambacho kikiibwa mradi hausimami.

8 Machi. Kukusanya vipande vidogo

Malipo 40 ya satoshi 15,000 kila moja si noti moja ya 600,000; ni sarafu 40, na kila moja inaongeza vbaiti 68 kwenye muamala wa kuzitumia. Kuziunganisha ni takriban 40 × 68 + 42 = vbaiti 2,762. Kwa ada ya satoshi 3 ni satoshi 8,286, chini ya asilimia moja na nusu. Kwa ada ya 40 ni 110,480, yaani zaidi ya asilimia 18 imeliwa na mtandao. Tulisubiri foleni ya miamala ipungue, tukatuma kwa 3, ikathibitishwa siku ya pili.

Kuunganisha kunasema hadharani kwamba vipande vyote ni vya mtu mmoja. Ndiyo maana michango na mauzo viko akaunti tofauti, na havikuunganishwa.

15 Machi. Zoezi la kurejesha

Mtu ambaye hakushiriki kwenye usimikaji alipewa karatasi na seva tupu. `./btcpay-backup.sh` ilitoa faili moja lisilo na bloki, `./btcpay-restore.sh` ikalipokea. Maduka, ankara na zpub vilirudi ndani ya saa moja na nusu. Nodi ilihitaji siku zake za kusawazisha.

Alikwama mara mbili. Neno la kufungulia nakala, lile la `BTCPAY_BACKUP_PASSPHRASE`, lilikuwa limeandikwa kwenye seva ya zamani tu. Na karatasi haikutaja kwamba nodi iliyopogolewa haiwezi kusoma historia ya zamani ya pochi: ukaguzi upya ndani ya BTCPay unapata sarafu ambazo hazijatumika, haupati miamala iliyokwisha. Orodha ya mauzo kwa ajili ya hesabu na kodi inapakuliwa sasa kila mwezi kama CSV.

Siku hiyohiyo iligundulika kwamba nginx ilikuwa inatunza IP za wanunuzi wote tangu Januari. Jina na barua pepe hazikuombwa, lakini lengo la sharti la pili lilikuwa linavunjwa mlangoni huku fomu zikiwa safi. `access_log off;` imewekwa kwenye kikoa cha malipo, na kumbukumbu za zamani zimefutwa.

22 Machi. Hali ilivyo

Michango: Monero kwa anwani ndogo kwenye ukurasa wa maandishi, bila seva, pamoja na skripti ya kuangalia ukurasa. Tangu 10 Januari haijahitaji kuguswa. Mauzo makubwa: BTCPay na ufunguo wa umma. Mauzo madogo: phoenixd.

Matengenezo ya BTCPay ni kama saa 2 kwa mwezi: `./btcpay-update.sh`, nafasi ya diski kwa `df -h`, na ankara moja ya majaribio inayolipwa hadi mwisho. Anayepokea malipo chini ya kumi kwa mwezi hana haja ya kuifikia ngazi hiyo. Atengeneze anwani mpya kwa mkono kwenye pochi yake kwa kila mnunuzi, aitume kwa ujumbe uliofichwa, na aandike kando yake jina la bidhaa.

Lililobaki wazi ni nodi ya Monero iliyopogolewa kwenye diski ya pili, ili Tor isiwe ndiyo kinga pekee. Ingizo litafuata usawazishaji ukikamilika.